Boti Itakayokubeba

Magomeni, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mke wangu mpendwa, Mama Neema,

Amani ya Bwana ikukute popote itakapokufikia barua hii, iwe zahanati au shambani kwenye mihogo. Hujambo? Neema kile kikohozi kimemwacha? Na mama mkwe, miguu imepungua kuvimba? Mimi mwili mzima. Dukani bado nauza nyavu na kamba, na Kariakoo ni ile ile, watu wanabanana mpaka unapoteza kiatu ukiwa umesimama. Lakini roho haijatulia, hii wiki ya pili sasa, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga. Nikipiga, simu yako inasikilizwa na foleni nzima ya wagonjwa. Hii isome peke yako. Namkabidhi mkononi dereva wa lori linalokuja huko.

Kwanza nikuulize. Kwa nini hukuniambia habari ya ule mtumbwi? Nimeisikia kwa Konradi, mdogo wako, alipokuja mjini kuchukua mzigo. Alidhani najua. Akasema masika, barabara ilipokatika, ulimpakia mama mwenye uchungu, upepo wa mwera ukawakuta katikati ya ziwa, ukakomba maji kwa beseni la zahanati tangu asubuhi mpaka jua likapinduka. Mlipofika hospitali ya misheni mtoto alizaliwa hai, mama akakata roho. Nikakumbuka jioni ile uliniambia kwenye simu, "Nimechoka tu kidogo, Baba Neema." Nami nikakuambia ulale mapema! Nilipoachana na Konradi nilikwenda kukaa nyuma ya marobota ya nyavu, tajiri akaniita mara tatu nisiitike.

Kwa hiyo kamati ya kijiji iliponituma nichague boti ya zahanati, mimi sikuiona kazi ya kamati. Nilikuona wewe umekaa ndani yake.

Boti zenyewe ni mbili, zote za faiba, zote ziko kwa Mzee Awadhi, Mwarabu wa hapa hapa aliyezaliwa Kariakoo, mwenye yadi Ilala nyuma ya mafundi gereji. Ndogo ni ya futi kumi na nane, mpya, nyeupe, ndani bado inanuka ile dawa ya kugandishia faiba. Kubwa ni ya futi ishirini na sita, imeshatumika, ya bluu, ina paa la turubai na nafasi ya kulaza machela nzima. Waliotuchangia fedha walisema yoyote kati ya hizo inawezekana, tuchague wenyewe. Mwenyekiti wetu, Mzee Alanus, alishachagua akiwa huko huko bila kuziona.

"Beda, lete kubwa," aliniambia kwenye simu. "Kubwa ndiyo boti. Hiyo nyingine ni sahani."

Nami nilikuwa upande wake, sikufichi. Nilimchukua fundi Rajabu, anayeziba boti za faiba pale Ilala, akaigonga ile kubwa kwa nyundo ya mpira toka mbele mpaka nyuma, sikio limelala juu yake. Akasema nzima, hakuna maji yaliyoingia ndani ya ukuta. Jumatatu tukaishusha majini upande wa soko la samaki, jirani na Posta. Tulikuwa watatu: nahodha wa Mzee Awadhi aitwaye Chande, Rajabu, na mimi. Siri yangu unaijua, mtoto wa ziwani nisiyejua kuogelea. Nilivaa jaketi la kuokolea tangu tukiwa mchangani, Chande akanicheka.

Mama Neema, ile boti ni tamu. Ilikuwa inakata wimbi kama kisu kwenye papai bivu. Chande akasema, "Kaka, humu unakunywa chai na haimwagiki." Nilikuona umelala kwenye benchi safari ya kurudi, umeshamfikisha mgonjwa, unapumzika. Nikasema moyoni, hii hii.

Tulikuwa kwenye mlango wa bandari, pale meli zinapoingilia, injini ikakohoa mara mbili ikazima.

Chande akawasha, ikakataa. Akawasha tena. Rajabu akafungua kichujio, akachungulia, akasema, "Mafuta machafu." Alisema taratibu, kama mtu wa gereji, kisha akainua kichwa nami nikageuka kutazama anachotazama. Meli. Nyekundu, ndefu kwenda juu kama magorofa ya Kariakoo, inaingia.

Makasia yalikuwa mawili. Tukapiga makasia mimi na Rajabu, Chande anahangaika na injini, na boti haikusogea. Nakwambia haikusogea. Upepo uliingia chini ya lile paa la turubai ukatugeuza ubavu. Tukivuta hatua moja tunarudi mbili. Meli ikapiga honi, sauti ile niliisikia kwenye meno. Chande aliacha injini akavua shati na kulipunga, anapiga kelele, "Tupo hapa! Tupo hapa!" Nilianza Salamu Maria, na katikati yake nikajikuta naita jina lako. Siyo Mama Neema. Kristina.

Wavuvi wa kiboti kilichokuwa karibu ndio waliotutupia kamba wakatuburuta. Meli ilipita karibu hata niliona kutu yake, na mtu mmoja juu kule ameegemea chuma anatutazama tu. Mawimbi yake yakatupandisha na kutushusha, nikatapika miguuni pa Rajabu.

Mchangani nikakaa chini. Rajabu akakaa kando yangu.

"Pole, kaka. Boti haina kosa. Ni mafuta tu."

Nikamwambia, "Kwetu mafuta yanatoka mbali kwa madumu. Yanakaa mwezi, wakati mwingine zaidi."

"Basi itazima," akasema. "Hata hii, hata ile nyingine. Siku moja itazima tu. Jiulize ikizima, ndani kuna nani."

Ndani kuna nani? Kuna wewe, kuna nahodha, kuna mwanamke anayeumwa uchungu. Hao ndio wa kupiga makasia. Na kabla hatujaondoka tulijaribu kuivuta boti nchi kavu, maana kwetu hakuna gati. Wanaume wanane, sisi na wavuvi, inatucheka.

Jumatano ilikuwa zamu ya ndogo. Sikutaka kwenda. Tangu alfajiri nikawa natafuta sababu: dukani kuna mzigo, sijui nini. Nilikwenda kwa sababu nilijua wewe usingepata pa kukimbilia. Nayo sikufichi ubaya wake. Inaruka. Kila wimbi inaruka na kupiga chini, maji yanakuja usoni, na mgonjwa halazwi humo ila kwa mkeka kati ya mabenchi. Tulipofika mbali nikamwambia Chande, "Zima injini."

"Wewe mzima kweli? Juzi tu hapa!"

"Zima."

Akazima. Nilishika kasia, Rajabu akashika lingine. Ikaenda, Mama Neema. Kwa taabu, viganja vimechubuka mpaka leo, lakini tuliirudisha mchangani watu wawili, na wanne, pamoja na mvuvi mmoja, tukaivuta juu.

Nikampigia Mzee Alanus. Akapandisha sauti, "Kijiji kizima kitatucheka! Wenzetu wana kubwa!"

"Mzee, hiyo boti ikizima ziwani, atakuwemo nani?"

"Si muuguzi na mgonjwa wake."

"Muuguzi ana jina, Mzee."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haya, baba. Lete hiyo. Ila likitokea neno, ni wewe."

Nikajibu, "Ndiyo, ni mimi." Na tangu nilipojibu hivyo sijala chakula kikashuka vizuri. Maana huenda nimekosea. Kubwa ingehimili mwera kuliko hii. Ila naogopa boti kubwa inampa mtu ujasiri wa kutoka siku asiyopaswa kutoka. Nayo ndogo naiogopea kwamba watu watajazana, kwa kuwa nani kwetu atamwambia jirani yake shuka? Nimemtafuta mwandika mabango wa hapa Kariakoo akaandika ndani kwa rangi nyekundu, WATU SITA TU. Kila mara mafuta yachujwe kwa kitambaa kabla ya kumiminwa. Majaketi yako sita, usikubali yafungiwe stoo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kuchulia ipo kwenye mfuko wa Konradi. Msalimie shangazi Skola anayetukaushia dagaa, na Mzee Alanus pia, ingawa amenuna. Mbusu Neema, umwambie baba anauliza kama ameshajua kusoma saa.

Boti imeshafungwa kwenye lori, inaondoka kesho. Ikifika, izunguke. Igonge kwa mkono wako. Kaa ndani yake ikiwa bado mchangani, ukae muda, bila watu kukuharakisha. Moyo wako ukikataa, usipande, Kristina. Waambie mumeo hajui boti, alidanganywa mjini. Waniite mjinga mpaka uzee wangu, nitaitika. Wewe umo majini tangu kabla yangu, na mimi nimechagua kwa woga tu, sina elimu nyingine.

Nakungoja uniambie.

Mumeo,
Beda