Niliishia Aya ya Tatu

Mama Agnesi wangu,

Nakusalimu, ijapokuwa uso wa kukusalimu sina. Tangu tukuzike sijakuandikia, na leo naandika kwa haya. Nyumba yetu ya Mkunazini ipo, na watoto wa chuoni, ile madrasa ya ng'ambo ya kichochoro, bado wanasoma kwa sauti kila asubuhi.

Unakumbuka ulivyonitia mashakani kwa ajili ya watoto wale? Ulikuwa dirishani unachambua mchele, unawasikiliza, mara ukanigeukia: "Baba Agnesi, wenzetu mtoto haruki mahali mpaka mwalimu wake aridhike. Sisi Biblia yetu tunaidonoadonoa tu." Basi ukanifungulia chuo mimi, mtu mzima na ndevu zangu! Kila Jumapili baada ya chakula, sura nzima. Kwanza tuisome bila ya kusimama, halafu uanze kunihoji: nani anasema, anamwambia nani, kabla ya hapo kumesemwa nini. Nikishika aya iliyonipendeza, wewe, "Na inayofuata?" Lo, ulikuwa mbishi! Mie usingizi umenielemea, wewe wanirudisha juu ya ukurasa. Nilinung'unika sana, na sasa natamani unihoji tena.

Sikiliza nilichomfanyia mwanao. Agnesi kapata nafasi ya kusomea uuguzi Tanga. Habari ilipofika alirukaruka humu ndani kama kitoto. Mie nikaiona nyumba tupu, nikaingiwa na hofu. Badala ya kumwambia naogopa, nikafungua Waraka kwa Waefeso, nikamsomea pale watoto wanapoagizwa kuwatii na kuwaheshimu wazazi wao. Nikafunga kitabu. "Umesikia? Mungu huyo, si mimi."

"Naam, baba," akasema, akarudisha nguo zake kabatini. Tukawaandikia Tanga kwamba haji.

Tangu siku ile chakula hakinipiti. Jumapili iliyopita nikakaa peke yangu na sura ile, nikaisoma ulivyonifunza, tena nikaanzia sura iliyotangulia. Nikafika aya ya nne. Kumbe akina baba nao wana agizo lao papo hapo: wasiwaudhi watoto wao. Nilitahayari, mke wangu, masikio yakawaka moto. Siku ile macho yangu yaliiona aya hiyo, nikaishia ya tatu kwa kuwa ndiyo iliyonifaa.

Nikamwita kutoka jikoni. "Agnesi, ile sura sikuimaliza."

Akafuta mikono kwa kanga. "Nnajua, baba. Mama alinisomesha yote."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Sikutaka kukuaibisha."

Hilo ndilo linaloniua. Mimi nimemzibia njia, na yeye, hali anajua, akanisitiri. Laiti angenigombeza!

Nimewaandikia tena Tanga, kwa mkono wangu, kwamba kosa ni langu na mtoto yu tayari. Jibu halijaja. Sanduku lake nimelishusha mwenyewe, nimelipangusa vumbi. Nafasi ikiwapo bado, nitamsindikiza mpaka bandarini apande boti ya Tanga, na nitalia mbele za watu, wanicheke wakitaka. Isipokuwapo, itanibidi nimtazame kila asubuhi akinimiminia chai, na yeye hatasema neno.

Pumzika, mpenzi. Mwombee yeye kwanza, kisha ukipata nafasi, na mimi.

Mumeo,
Baba Agnesi