Hita ya Gadi

Jumatatu, 1 Julai

Nimekandwa kwa maji ya moto, nimekunywa mtori wa ndizi, nimelala. Nimeamka, nimekunywa mtori tena. Ndiyo maisha ya mzazi. Mama mkwe amekuja kutoka Kikatiti kunilea, na mkungu wa ndizi, siagi na amri zake. Mtoto wangu Kunda asitoke nje. Mimi nisikanyage sakafu peku. Upepo usiingie. Mlima haujaonekana siku nyingi, ni mawingu tu, na Njiro nzima tunatetemeka. Kwa hiyo simbishii.

Gadi amemaliza kufunga hita ya gesi bafuni. Maji yanatoka yanafuka. Mama mkwe ameipigia kigelegele, hana tena habari ya kubeba masufuria ya moto. Gadi anaimba sauti ya nne na mume wangu Anaeli kwenye kwaya. Ukiniuliza mimi, huo ndio ufundi wake mkubwa. Amekula, amesali, ameibariki nyumba na mtoto, ameondoka. Ameacha bomba moja la bati laini ndani ya boksi la hita. Nimemuuliza Anaeli la nini. Eti Gadi amesema hilo ni la Ulaya, kwenye nyumba zisizofungua madirisha. Sisi dirisha tunalo.

Nimelipeleka stoo.

Jumatano, 3 Julai

Mama mkwe hana huruma. Taulo, maji ya moto, tumbo, mgongo, nyonga. Nikilia anacheka, anasema nitamshukuru nikizeeka. Mlango umefungwa, maji yanatiririka muda wote. Leo ameona bado kuna upepo. Amechana kanga yake kuukuu vipande, amevisokomeza kwenye dirisha la bafuni, kioo kwa kioo. Baridi ikimwingia mzazi haitoki, amesema. Mama yangu kule Marangu angefanya hivyo hivyo.

Nimetoka humo kichwa kinagonga.

Ijumaa, 5 Julai

Kichwa tena. Na kichefuchefu. Mama mkwe anasema ni uzazi. Dada yangu wa Levolosi amepiga simu, naye anasema ni uzazi. Anaeli anasema ni kukosa usingizi. Kila mtu ana jibu, kichwa ninacho mimi.

Kunda analala sana. Wote wanamsifu kwa upole.

Jumamosi, 6 Julai

Leo mama mkwe naye kichwa. Amejifunga kitambaa, amekaa jikoni, hata mtori umeungua.

Yeye hajajifungua.

Jumatatu, 8 Julai

Nimempeleka Kunda kliniki. Mama mkwe amenuna, kwa sababu ya baridi, lakini sindano ni sindano. Tumekaa benchi la nje, foleni ndefu, na kichwa kimepona chenyewe. Kunda amechangamka, ananitazama. Nimerudi nyumbani, nimekandwa, kichwa hicho.

Jioni nimemwambia Anaeli tuite fundi mwingine aiangalie hita. Amekasirika. Nimlete mtu aje kumkagua Gadi? Jumapili nitasimama naye vipi? Nimemwambia hita haijui kuimba. Amesema nina hasira za uzazi. Ninazo, ndiyo. Nikasema basi kuanzia kesho naoga maji ya baridi. Mama mkwe alikuwa anasikia. Amelia, machozi kabisa, eti nataka kufa nikiwa mikononi mwake na ukoo wote useme hakunitunza.

Nimeshindwa na machozi yake. Naogopa, na sijui kwa uhakika ninachokiogopa.

Jumatano, 10 Julai

Naandika hospitalini.

Asubuhi mama mkwe alimchukua Kunda kumwogesha. Huwa anamwimbia wimbo wa Kimeru, mimi Mchaga siambulii neno, lakini nimeshazoea kuusikia. Nilikuwa natandika kitanda. Wimbo ukakatika. Maji yakaendelea kutiririka. Nikangoja aendelee kuimba. Kimya.

Nikafungua mlango. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho nusu. Kunda yuko mapajani pake, uchi, amelegea. Beseni limejaa, liko pembeni kabisa. Hakumwangusha ndani ya maji. Alipoona anaishiwa nguvu akamweka mapajani kwanza. Sijui aliwezaje.

Nilimtoa mtoto nikamlaza barazani, juu ya saruji, penye baridi yote ile tuliyokuwa tunaikimbia. Nikarudi kumvuta mama kwa makwapa, huku napiga kelele. Kunda akalia. Sijawahi kupenda kilio kama kile. Jirani, Mama Beka, alitoa gari akiwa na kanga ya kulalia.

Wote wawili wamewekewa oksijeni. Barakoa ya Kunda imemfunika karibu uso wote.

Alhamisi, 11 Julai

Daktari ameuliza swali moja tu la maana: maji mnachemshia nini? Nikamwambia. Akauliza bomba la kutolea moshi limetokea wapi. Nikasema ukutani hakuna bomba. Akanieleza. Hita ikiwaka mahali palipofungwa inatoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Inakulaza tu. Bomba ndilo linaitoa nje.

Bomba letu liko stoo. Tunaliegemezea mifagio.

Kunda ananyonya vizuri. Mama mkwe amezinduka, akauliza mtoto yuko wapi. Alipoonyeshwa, akageukia ukutani. "Nusura nimuue kwa kanga yangu," akasema. Amelirudia hilo mchana kutwa. Anaeli amekaa kati ya vitanda viwili. Sijamwonea huruma.

Jumapili, 14 Julai

Tuko nyumbani. Baada ya ibada Gadi amekuja kutupa pole, na suti yake. Pole shemeji, pole mama, Mungu ni mwema. Nikamtilia chai. Akanywa. Kisha akasema, mbele ya mama mkwe:

"Ila tuseme ukweli, mama asingeziba dirisha, haya yasingetokea."

Mama mkwe akainamisha kichwa, akakubali. Hapo nikainuka. Nimelileta lile bomba na utando wake wa buibui nikalilaza mezani, katikati ya vikombe.

"Na hili nalo ni mama aliyeliacha kwenye boksi?"

Gadi akamtazama Anaeli amsaidie. Anaeli alilishika bomba, akaligeuza. Akasema, "Gadi, nenda bafuni ukaing'oe hita yako." Akaenda, akaing'oa, akaondoka. Hakuna aliyemwombea safari njema.

Jumanne, 16 Julai

Ukuta wa bafuni umebaki na matundu. Tumerudi kwenye masufuria.

Tangu hospitali mama mkwe hajamgusa Kunda. Ananipikia, anafua nepi, halafu anasimama mlangoni kumtazama kama mgeni. Jana nimekuta begi lake limefungwa. Muda wake wa kunilea bado kabisa.

Leo nimetia maji kwenye beseni chumbani, nikamwita. Mama, mtoto ananiteleza, mimi siwezi. Uongo mtupu. Amesimama. Halafu ameenda dirishani, amelifungua lote yeye mwenyewe, upepo wa mlima ukaingia mpaka mapazia yakaruka. Amevaa sweta la Anaeli. Amekunja mikono ya sweta, amepima maji kwa kiwiko, amempokea Kunda.

Ameanza kumwogesha kimya. Baadaye ameimba, kwa sauti ndogo.

Nimebaki hapo mlangoni mpaka wimbo umeisha.