Mkaja wa Mama Pacha

Jumapili, 6 Juni 1954

Mie najua kuandika barua tu, masista hawakunifundisha kingine. Basi nianze kwa salamu, ingawa nawasalimu watu wa humu humu ndani. Adelard hajambo, anakoroma. Audax, pacha wake, hajambo, ananyonya huku naandika — polepole, bwana, hilo si bomba la serikali! Shemeji Polikarpo, mdogo wake mume wangu, hajambo, kalala chumba cha mbele na kiatu kimoja mguuni, pombe ya jana hiyo. Bi Hamisa mwenye nyumba hajambo, namsikia uani anagombana na kuku. Kuku naye hajambo kwa sasa. Mume wangu Ansbert, karani wa reli huko Kigoma, nadhani hajambo.

Na wewe tumbo, hujambo? Maana siku hizi nawe ni mtu wa nyumba hii. Nikigeuka kulia mie natangulia, wewe unafuata baadaye.

Leo Pentekoste. Sikwenda misa. Gauni la kanisani limekataa. Nilivuta, nikabana pumzi, nikamwomba Roho Mtakatifu — kifungo kikaruka kikaingia kwenye uji. Nikavua. Mungu ataniona hapa hapa Temeke.

Jumatano, 9 Juni

Nimefunga mlango nikalitazama tumbo mchana, kwenye mwanga. Afadhali nisingelitazama.

Si mafuta. Ni ngozi tupu. Imejikunja kama soksi ya mzungu mzee. Michirizi imekwenda juu na chini kama njia za reli. Kitovu kimelala upande kama jicho la mlevi. Hawa wawili walipanga chumba kimoja, wakasukuma kuta, kisha wakahama bila kurudisha kitu mahali pake! Nikawatazama walivyolala, wazuri, mashavu hayo. Nikawasamehe. Tumbo sikulisamehe.

Ansbert hajaliona. Alipoondoka Januari lilikuwa limejaa wanawe, gumu kama ngoma, akaliaga kwa mkono, akacheka. Na kabla ya hapo! Kule Bukoba alikuwa ananishika kiuno kwa mikono miwili, vidole vinakutana. Mtu huyu kanioa kwa kiuno. Kwa mapishi hakunioa, mapishi yangu anayajua.

Nilipojifungua Machi, Bi Hamisa ndiye aliyenilea arobaini nzima. Kanikanda maji ya moto mpaka nikamwita mama yangu kwa Kihaya. Uji wa pilipili manga. Na kunifunga mkaja, ule mkanda wa kitambaa cha marekani wanaoubana kiunoni kwa mzazi ili tumbo lirudi. Arobaini ilipotimia akasema, fungua sasa mwanangu, lililotaka kurudi limerudi, lililobaki ni lako.

Sikufungua. Nimeongeza.

Ijumaa, 11 Juni

Leo nimejifunga vya kutosha. Marekani ya kwanza. Marekani ya pili. Kati yake kanga imekunjwa nene, ili ikandamize. Juu, kipande cha gunia la unga, maana marekani zinalegea. Halafu kanga yangu ya kutokea. Siwezi kuinama, kupumua ni kwa zamu, lakini nimenyooka! Nikaenda bombani natembea kama askari wa gwaride.

Mwanakombo alikuwepo, mke wa Kondo, yule mpishi wa kwenye treni. Akanitazama kiunoni, akatabasamu.

— Mama Pacha, hongera mwaya.

— Ya nini?

— Aa, mwenzangu! Mie unanificha? Mie ni mwanamume?

Wenzake wakaangalia ndoo zao. Mmoja akakohoa kile kikohozi kisicho cha kifua.

Nimerudi na ndoo nusu, sielewi. Bi Hamisa akanizunguka, akanitazama ubavuni. Akasema, we Tekla, umejifungaje? Ukitazamwa hapa una mimba tena!

Mawe! Mama yangu! Nimejitengenezea mimba ya gunia.

Jumamosi, 12 Juni

Nimejaribu bila mkaja. Linaning'inia, kanga inatuna: mimba. Nimefunga tena: mimba. Hakuna njia ya katikati.

Na Audax anahara toka asubuhi. Nimeogopa. Nampa maji ya mchele kwa kijiko. Jirani kapita, katazama mtoto, katazama kiuno changu, kasema pole, kaondoka haraka. Bi Hamisa akanieleza. Bombani wanasema nimembemenda mtoto. Huku pwani mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, mtoto anadhoofu, ndiyo kumbemenda huko.

Na mwanamume mwenyewe yuko wapi? Ansbert yuko Kigoma toka Januari, pacha wametoka Machi. Hesabu hiyo hata mie wa darasa la pili naiweza. Na mwanamume wa nyumba hii ni mmoja tu, yule wa kiatu kimoja.

Pona baba. Pona, Audax wangu. Wengine waseme watakavyo.

Jumanne, 15 Juni

Audax kapona, anapiga mateke. Kwa hilo hakuna aliyenipa hongera.

Polikarpo kazisikia habari huko kwenye mpira. Kaingia macho chini.

— Shemeji, nahamia Mwananyamala kwa rafiki yangu.

— Kisa?

— Joto.

Joto! Mwezi wa sita! Nikamwambia, ukihama leo ndiyo umekiri, we mjinga. Akaniuliza, nikibaki je? Akajitwika godoro kichwani mchana kweupe, na njia zote zilizopo Temeke, akapita mbele ya bomba. Kajikwaa pale pale. Godoro likaangukia ndoo za watu. Sasa hata waliokuwa hawajui wamejua.

Alhamisi, 17 Juni

Kondo karudi na treni jana. Yeye ndiye aliyezipeleka habari zangu Kigoma, kama kifurushi, bila stempu. Kamkuta Ansbert stesheni, kamwambia, rafiki yangu, nenda nyumbani ukatazame. Ansbert kaomba ruhusa kazini, yuko njiani.

Bi Hamisa anasema dawa ni moja. Mwite Mwanakombo chumbani, umfungulie, ashike kwa mkono wake. Mimba haivutiki hivi — akanivuta ngozi juu ya gunia, nikapiga kelele — aliyeyaanza atayamaliza mwenyewe.

Nikasema nife kwanza. Yule akiliona leo, kesho wamelitungia wimbo wa ngoma, vitoto vinaniimba njiani.

— Chagua basi mwanangu. Uitwe mwenye tumbo, au uitwe mwenye shemeji?

Sitaki hata moja! Nataka kuitwa Mama Pacha, niteke maji, nirudi.

Jumamosi, 19 Juni

Nimemwita. Alikuja mbio, kaacha mboga jikoni, nilisikia harufu ya kuungua mpaka kwetu. Bi Hamisa akafunga mlango. Nikatoa kanga ya juu. Nikashika fundo la gunia.

Vidole vikagoma. Kweli tupu, viligoma. Mwanakombo ana kiuno kama nyigu, kazaa wanne, sijui anakiweka wapi. Akasubiri. Akasema kwa upole — upole wenyewe ndio ulioniua — basi usijiumize, dada, tumeshaelewa.

Akaenda zake kuelewesha wengine. Bi Hamisa kanipa chai tu, kaweka chini kwa kishindo.

Jumatatu, 21 Juni

Kafika. Naandika kwa penseli kitandani.

Alisimama mlangoni na sanduku lake, amekonda, vumbi mpaka kope. Nikapiga magoti nimsalimu kama nyumbani Bukoba — nikakwama! Gunia halikunjiki. Nikabaki nusu magoti nusu kusimama kama mbuzi anayekojoa. Hakucheka. Katazama kiuno changu. Halafu katazama pale lilipokuwa godoro la mdogo wake. Akasema neno moja:

— Umenenepa.

Bi Hamisa ndiye aliyeniokoa, au kanimaliza, sijui. Katokea na pacha kwapani, akamrundikia mikononi, huku na huku. Shika wanao, baba, ndio wanaokuhusu kwanza! Hajawahi kuwaona. Hajui kushika mmoja, sembuse wawili. Kabaki kama mtu aliyebebeshwa trei ya mayai. Mie nikakimbilia chumbani.

Nimefungua. Peke yangu, kwa meno pale fundo lilipokaza. Gunia. Marekani. Kanga. Marekani. Chini pamekuwa kama duka la Mhindi. Tumbo limeshuka likalala mapajani, lina alama za gunia, lina joto. Nilidhani nitalia. Nimepumua! Kumbe nilikuwa sipumui toka mwezi wa nne.

Ansbert yuko nyuma ya pazia, naona miguu yake. Kasema:

— Tekla. Kondo kaniambia mambo.

— Najua.

— Ni kweli?

Naweza kusema si kweli. Neno langu hilo hapo, na neno la Kondo lile pale, atachagua analolitaka. Au aingie alione mwenyewe. Kanga ya kujifunika iko msumarini, mkono unaifikia. Sijaichukua. Naitazama tu. Mapaja yamekufa ganzi.

Halafu mtoto kalia, na Ansbert akaanza kubembeleza kwa Kihaya, anabembeleza vibaya sana. Sasa ananiita tena:

— Tekla, niingie au nisiingie? Nijibu upesi. Mmoja kanikojolea, na huyu mwingine ananitazama kama anayetaka kufuata.