Ndege Isiyoanguka

Jumatano, 2 Mei 1979

Saa kumi na moja jioni, kama kila siku. Mugisho amekula, amevaa kofia, ameketi kwenye kiti alichong'oa katika gari bovu. Mimi nyuma ya ubao.

Mume wangu anakiita kitu hiki simulateur, ndege ya kujifunzia chini. Ubao mwembamba wenye matundu. Saa nne mbovu zilizopakwa rangi upya. Mpini wa ufagio ndio usukani, pampu ya baiskeli ndiyo gesi. Mitambo ya saa aliitoa, kwa hiyo sindano nazisogeza mimi, kwa vidole, kutoka nyuma. Akivuta mpini, ncha yake inapotelea ndani ya tundu upande wangu. Napandisha kimo, napunguza mwendo. Hesabu zote zimo katika kitabu cha urubani alichoazima kazini. Hakukisoma. Nimekisoma mimi, mwalimu wa hesabu.

Injini anaifanya kwa mdomo. Mtu wa miaka thelathini na minne.

Ijumaa, 4 Mei

Nimemwangusha mara mbili. Kitabu kinasema wazi: mwendo ukishuka chini ya hamsini, mabawa hayabebi tena. Yeye anavuta tu, kama anavuta mbuzi. Hamsini. Arobaini na tano. Nikazungusha sindano ya kimo hadi sifuri.

Akaruka kitini.

"Mama Furaha, unaniharibia makusudi! Ndege ya kweli haiko vile!"

Ndege ya kweli. Tangu lini ameishika? Kule uwanja wa ndege wa Kavumu yeye ni mpima mizigo. Miaka tisa anapima magunia ya watu wa Shabunda na kutazama ndege zikiondoka. Sasa rubani mzee wa kampuni, Mubelgiji, anataka mfanyakazi mmoja apelekwe Kinshasa kusomea urubani. Jumanne tarehe 15 atampandisha Mugisho aone kama ana mkono. Akishindwa, nafasi ni ya mwenzake wa ofisini, na yeye atazeekea kwenye mizani.

Ndiyo maana nakaa nyuma ya ubao. La sivyo ningekuwa nasahihisha madaftari.

Jumatatu, 7 Mei

Ameanguka ziwani kabla ya kufika kisiwa cha Idjwi. Majirani walikuwepo. Siku hizi wanakuja na viti vyao wenyewe, wajinga watupu, kutazama mtu aliyeketi mbele ya saa zisizotembea. Walicheka. Kupitia tundu nilimwona akikunja midomo kama Furaha anaponyimwa sukari. Furaha, mtoto wetu, ana miaka minne.

Hakula.

Alhamisi, 10 Mei

Baba yake ametuma habari. Anavuka kutoka Idjwi Jumapili kumwona mtoto wake anayejifunza ndege. Mugisho amenifuata jikoni, akafunga mlango.

"Usiniangushe mbele ya Muzee."

Alijua ningefanya nini. Mwanamke anayemwaibisha mume mbele ya baba mkwe, habari zake hufika kwa wazazi wake kabla yeye mwenyewe hajafika.

Jumapili, 13 Mei

Baada ya misa. Saloni yetu imejaa watu, bia, moshi. Muzee amewekwa kwenye kiti kizuri, karibu kabisa na "rubani". Mugisho amevaa abacost, ile suti isiyo na tai. Ya kurukia.

Alipogeuza juu ya Idjwi, Muzee akauliza kwa adabu:

"Nyumba yangu inaonekana?"

"Inaonekana, Papa. Hata ng'ombe."

Mbele yake kuna kalenda.

Akaanza kushuka Kavumu. Akavuta. Hamsini. Arobaini na tano. Arobaini. Alikuwa amekufa, yeye na abiria wake wote. Vidole vyangu vilikuwa kwenye sindano ya kimo. Nikaishika isishuke. Nikarudisha mwendo hadi sitini, polepole, mtu asione.

Akatua. Makofi. Muzee alitoa machozi, akasema sasa anaweza kufa vizuri. Nilitoka nyuma ya ubao kuleta sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Watu wazima, wote.

Jumatatu, 14 Mei

Ametaka "kama jana". Ametua mara sita. Mara sita nimemshika. Nimechoka kugombana. Anaimba akioga.

Jumanne, 15 Mei

Amerudi saa nane mchana. Kofia mfukoni. Ameketi kitandani na viatu. Nimeyapata kidogo kidogo, hadi jioni.

Waliruka vizuri. Wakati wa kutua akavuta, mwendo ukashuka, kengele ya ndege ikalia. Hakufanya kitu. Alingoja. Mubelgiji alimnyang'anya usukani wakiwa karibu na miti. Chini akamwuliza, wala hakupiga kelele: "Ulikuwa unangoja nini?"

Mugisho alivua kofia, akaitia mfukoni.

Jibu ninalo mimi. Alikuwa ananingoja mimi.

Jumatano, 16 Mei

Nafasi amepewa mwenzake. Mugisho amerudi kwenye mizani.

Nimesoma tena kurasa hizi. Nimemcheka kwa mdomo wake, kofia yake, abacost yake. Aliyejua kwamba mabawa hayabebi ni mimi peke yangu. Nilijua, nikashika sindano, nikaenda kuleta sambaza. Najichukia.

Wakati wa kula aliuliza, macho kwenye sahani:

"Ile siku Muzee alikuwa hapa. Nilianguka?"

"Ulianguka."

"Na Jumatatu?"

"Mara sita."

Akaendelea kula. Furaha akaomba maji, baba yake akampa.

Jumamosi, 19 Mei

Baada ya salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, alirudi na matope hadi magotini. Nilidhani atauvunja ubao, tupate kuni. Hakuuvunja. Alinawa, akachukua kitabu, akaenda kuketi upande wangu, nyuma. Kumbe siku hizi tatu amekuwa akikisoma kazini.

"Kaa," akasema.

Nikakaa kwenye kiti chake. Kinachoma mgongo, sikujua. Kutoka mbele, saa zile zinaonekana kama kitu cha kweli. Niliondoka Kavumu, nikageuza juu ya ziwa. Wakati wa kushuka nikavuta. Ncha yote ya mpini ikampotelea. Hamsini. Arobaini na tano. Nikangoja kidogo.

Sindano ya kimo ikazunguka hadi sifuri, haraka, bila huruma.

"Rudia," akasema kutoka nyuma.

Nilianguka mara tatu. Injini aliifanya yeye, kwa mdomo. Sikucheka.