Mzio Usiofika Dirisha la Dawa

Jumatatu, 3 Machi

Nusura! Sista wa wadi alimwandikia bibi mmoja mzio wa penisilini kwenye mfumo wa kompyuta niliouundia hospitali. Mfamasia akafungua faili la bibi huyo huyo huku chini, chumba cha dawa — sehemu ya mizio tupu! Penisilini ilikuwa tayari mkononi. Bahati sista alipiga simu kwa jambo jingine, wakaongea, mzio ukatajwa. Daktari Mkuu hakupandisha hata sauti: kosa hili likibaki hivi hadi Ijumaa, anauzima mfumo, wote warudi kwenye makaratasi. Afadhali angefoka.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimejaribu. Mzio unaonekana kila mahali! Nikajiona mwehu. Kumbe fundi wetu, tunayemwita Zima-Washa, huzizima seva zote tatu, kompyuta kuu zinazoendesha mfumo, na kuziwasha upya kila alfajiri. Ati zipumue. Anasema zikiamka zinakuwa na akili timamu. Nikacheka. Kisha ikanijia — zikiamka zinakuwa hazikumbuki kitu!

Nimemwomba kesho asiziguse. Kanitazama kama nimemkataza kunywa maji.

Jumatano, 5 Machi

Nimeikamata! Chombo kinachounganisha programu na hifadhidata, ghala la taarifa zote, ni kivivu. Kikishamsoma mgonjwa na vyote vinavyomhusu — mizio, vipimo, dawa — kinajiwekea nakala kwenye seva iliyomsoma, hakirudi kuuliza. Sista akiongeza mzio, seva yake inafuta nakala ya zamani. Zile nyingine mbili hazina habari. Zinampa mfamasia mambo ya jana, tena kwa kujiamini kabisa. Na mimi nilijaribu kila kitu kwenye seva moja! Ingekosanaje na nafsi yake?

Alhamisi, 6 Machi

Sasa seva iliyoandika inawatangazia wenzake: futeni nakala ya mgonjwa huyu, msome upya. Ikagoma. Ilikuwa inatangaza kabla hifadhidata haijamaliza kuandika, wenzake wakakimbilia kusoma, wakarudi na yale yale ya zamani. Umbea wa mapema! Nimegeuza: andika, hakikisha, ndipo utangaze. Mume wangu anasema nacheka peke yangu mezani. Acha nicheke.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa chumba cha dawa. Wagonjwa wa kubuni niliowajaribia mfumo wamepita wote, bila kosa. Zima-Washa tangu juzi hajagusa kitu, mikono inamwasha. Mfamasia kaniambia, mwanangu, hebu kaa, unanitoa jasho bure.

Daktari Mkuu kaingia. Kaja kuuzima! Kavuta kiti. Kauliza kama kompyuta hii inatumia seva tofauti na ya wadini. Ndiyo, daktari. Akamwambia mfamasia afungue faili la mama yake yeye daktari, aliyelazwa asubuhi. Mizio: tupu, na seva yetu imeshajiwekea nakala hiyo. Akapiga simu wadini: sista, ule mzio wa mama niliokwambia, uandike sasa. Ndiyo, kwenye mfumo.

Sisi hakututajia ni mzio wa nini.

Kaweka simu. Mfamasia anavaa miwani, anafungua faili upya —