Ubao Wako Umefika Garissa

Garissa

Kwa mdogo wangu Athmani,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na mguu wa mama umepona. Sisi hapa tuko salama, Alhamdulillahi, ila joto limetuchosha, na mvua tunaisikia tu kwa watu wanaotoka Balambala.

Ubao uliomchongea bwana wa kazi za barabara, wa mashua yake ndogo ya tanga, ulifika kwa lori, umefungwa gunia. Nakwambia wazi kwamba niliumia. Mashua iko hapa hapa juu ya trela yake, karibu na kivuko ninachokitunza miaka yote hii. Ule ubao wa kwanza, unaoteremshwa majini katikati ya mashua, ili upepo usiisukume ubavu, ulipoliwa na mchwa, nilisema nitachonga mwingine. Bwana akanijibu, "Wewe fundi ya kivuko. Hii kazi ya ndugu yako, Lamu." Ndugu yangu, niliyemfundisha mimi kushika randa!

Nikaufungua nikitafuta kasoro. Nikapitisha kiganja, nikachungulia ukingo kwa jicho moja. Sikuona kitu. Abdi muuza chai, aniitaye ami kwa Kisomali, akacheka: "Walahi, adeer, wewe naangalia hiyo ubao kama mke mwenza!"

Uliingia mahali pake, ukapanda na kushuka kama uliozaliwa mle. Kisha mlinzi wa bwana akautoa kuusafisha matope ya Tana, akauegemeza kwenye ukuta wa mabati, upande mmoja ukitazama jua, akaenda arusini kwao Modogashe. Aliporudi, ulikuwa umepinda kama kigae. Haukuingia tena.

Nilifurahi, Athmani, Mungu anisamehe. Lakini bwana akasema, "Tupa. Tutaagiza ingine Lamu." Mwingine tena kutoka kwako! Furaha ikanikauka. Nikamwomba aniachie. Nikaulaza kwenye mchanga wa ukingo wa mto, bonde lake chini, mgongo juani, na mchanga nikiulowesha kila ukianza kukauka. Upande wa chini ukanywa maji, wa juu ukakauka, ukanyooka wenyewe. Nikaupunguza kingo kwa randa, uwe na nafasi ya kuvimba, nikaupaka sifa, mafuta ya papa, pande zote mbili.

Jana bwana alivuka mto akarudi, ubao ukishuka bila kukwaruza. Aliponiona akasema, "Andikia ndugu yako. Kazi yake mzuri sana."

Basi ndiyo nakuandikia.

Sasa amehamishiwa Lamu, na mashua inamfuata. Itafika mlangoni pa karakana ya baba, nami niko huku. Najua mkono wako hautulii: utauchomoa ubao, utaona nilipopita, utataka kupalainisha upya. Usipaguse. Ukikosa kazi, badilisha kamba ya kuuvutia, imechakaa.

Nibusie mama mikono. Nisalimie dada yetu anayesomesha chuoni, na ami mwadhini. Mke wangu na watoto wanakusalimu sana.

Ni mimi kaka yako,
Omari