Dakika Moja ya Salamu

Mama, huko nyumbani mmeamkaje? Jua la Isiolo linachoma hata kivulini. Tumefungua simu ya bure ya kuita ambulensi, na wakubwa wakaamuru kila simu ikatike baada ya dakika moja. Mwanamke wa kijiji cha Gotu alinipigia mara mbili, akakatwa akiwa bado kwa salamu.

“Wafundishwe kufupisha!” akasema bosi, aliyetuhutubia masaa mawili siku ya ufunguzi.

Programu inayoendesha simu hiyo ni huria, yeyote anaweza kuirekebisha, basi nikaifuta ile dakika. Yule mwanamke akapiga tena.

“Nagaa, ni amani? Watu wako salama? Mbuzi je? Na mama yako?”

Ndipo akasema binti yake ana uchungu wa kuzaa. Gari lilimfikia mapema.

Alipouliza hali yako, nilimwambia wewe ni mzima kabisa, kwa hivyo meza dawa, usinifanye mwongo.